UZI: Kwa nini kikaoni tunanyamaza, halafu koridoni tunasema yote

#1 (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha kwa miaka. Kuna kikao kimoja niliwahi kukaa, na kila nikikikumbuka narudi kwenye swali lilelile: ilikuwaje watu kumi na mmoja wenye akili zao, wote wakiliona kosa, wakatoka chumbani wamelipitisha kwa kauli moja?

Tulikuwa tunapanga kazi kubwa ya miezi kadhaa. Mkuu wa idara akasoma ratiba. Kila hatua ilipewa muda ambao yeyote aliyewahi kuifanya kazi ile kwa mikono yake angejua hautoshi. Mimi nilijua. Daftari lilikuwa mbele yangu, nimeandika kabisa: "wiki tatu haziwezekani, hata sita ni za kubanana." Mkuu akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikatupa macho huku na huku. Mmoja anachezea kalamu, mwingine anaitikia kwa kichwa, wa tatu anaandika. Nikajiambia, kumbe wenzangu wameona inawezekana, labda mzito ni mimi. Nikafunga daftari.

Tulipovuka mlango tu, yule wa kalamu akanishika bega: "Ile ratiba ni ndoto ya mchana." Aliyekuwa akiitikia kwa kichwa naye akasema hivyohivyo. Hadi jioni nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa watu sita. Kazi ilichelewa kama wote tulivyojua ingechelewa, na lawama ikamwangukia kijana wa ngazi ya chini aliyekabidhiwa hatua ya mwisho. Akaandikiwa barua ya onyo. Yeye kwenye kile kikao hakuwemo. Mimi nilikuwemo.

Barua ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma saikolojia ya watu wakiwa pamoja. Nilichokipata, kwa ufupi: kimya cha kikaoni mara nyingi hakianzi na woga. Kinaanza na macho. Kila mmoja anasoma nyuso za wenzake ili ajue hali ikoje, na wenzake nao wanasoma uso wake, na nyuso zote zimevaa utulivu wa kuazima. Woga upo, nitaufikia. Lakini tukianzia kwenye woga tutaishia kuitana waoga, na matusi hayajawahi kumfungua mtu mdomo.

Mwaka 1974 Jerry Harvey, mwalimu wa masuala ya uongozi, aliandika kisa cha familia yake huko Texas. Siku ya joto kali, watu wamekaa wametulia nyumbani, baba mkwe anatoa wazo waende kula Abilene, mwendo wa maili 53, kwa gari lisilo na kiyoyozi. Mke wa Harvey anasema wazo zuri. Harvey naye anakubali akidhani mkewe anataka. Mama mkwe anakubali. Wanarudi baada ya safari ya muda wa saa nne, wamechoka, wamejaa vumbi, chakula chenyewe kibaya. Ndipo mmoja anatoboa kwamba hakutaka kwenda. Wakichunguzana wanakuta hakuna aliyetaka, hata baba mkwe mwenyewe. Alitoa wazo akidhani wenzake wamechoka kukaa. Harvey alitoa humo jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote ya kazini: vikundi vingi haviumizwi na ugomvi, vinaumizwa na makubaliano ambayo hakuna anayejua kwamba yapo.

Na jaribio hili la mwaka 1968. Watafiti Bibb Latané na John Darley waliwaweka watu chumbani kujaza fomu, kisha moshi ukaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 waliinuka wakaenda kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa kutulia kama hakuna kitu, ni mmoja tu kati ya kumi aliyetoa taarifa. Waliobaki waliendelea kuandika huku wakikohoa na kufikicha macho. Walipoulizwa, walikuwa wameshautafutia moshi maelezo: labda ni mvuke, labda ni mitambo ya hewa.

Hapa ndipo pananigusa. Wale hawakuuona moshi wakaamua kukaa kimya. Waliuona moshi, wakaona wenzao wametulia, na moshi wenyewe ukabadilika maana machoni pao. Na mimi kile kikaoni sikujiambia "ratiba ni mbovu lakini nanyamaza." Nilijiambia "labda si mbovu."

Karibuni tuchangie. Mwenye kisa chake alete.

#2

Mkuu, umeandika vizuri, ila naona umelikwepa jambo la msingi. Watu wananyamaza kwa sababu ya mkate. Nina watoto watatu na mkopo. Bosi wangu alishamhamisha mtu kwa sababu ya swali moja tu kikaoni. Unaponiambia nasoma nyuso, mimi nasoma mkataba wangu wa kazi unaoisha mwezi wa kumi na mbili. Hayo majaribio ya moshi ni ya wanafunzi wa chuo wasio na cha kupoteza.

#3 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu wa #2, siwezi kukubishia hata kidogo kuhusu mkataba. Pale ambapo mtu ameshaonekana akiadhibiwa kwa swali, kimya ni hesabu, na hesabu yako ni sahihi. Sitakwambia uinuke kesho ukapambane.

Naomba tu uniruhusu nikuletee kisa ambacho hofu ya mkate haiwezi kukieleza yote. Machi 27, 1977, uwanja wa ndege wa Tenerife, visiwa vya Canary. Ukungu mzito. Boeing 747 mbili, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziko kwenye njia moja ya kurukia. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu wa heshima kubwa katika shirika lake, mkuu wa kufundisha marubani wa ndege za aina hiyo. Anaanza kuondoka kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yake, anasikia mazungumzo ya redioni na kupata wasiwasi. Anauliza kama ile Pan Am imeshatoka njiani. Rubani anajibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Mhandisi hakuuliza tena. Ndege zikagongana. Watu 583 walikufa, na yeye akiwamo.

Yule mhandisi roho yake mwenyewe ilikuwa ndani ya ile ndege. Aliliona jambo, akalisema, tena kwa heshima, kama swali. Akajibiwa kwa uhakika na mtu anayejua kuliko yeye, na uhakika wa mkubwa ukaumeza wasiwasi wake. Nikiisoma sehemu hiyo naumia kila mara, kwa sababu ile sauti ya adabu naijua. Ndiyo tunayoitumia wote kwa wakubwa: "Samahani, hivi hii haitakuwa labda...?" Tunaifunga hoja kwenye shuka tatu, kisha tunashangaa kwamba haikuonekana.

Watu wa ndege walikubali kujifunza. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha kuhusu makosa ya binadamu katika chumba cha rubani, na kuanzia mwaka 1981 United Airlines ikawa ya kwanza kuwapa wafanyakazi wake mafunzo kamili ya namna ya kufanya kazi pamoja humo ndani. Sasa wadogo wanafundishwa kupanda ngazi: uliza, usiposikika, taja hatari yenyewe waziwazi, usiposikika tena, sema nini kifanyike. Na wakubwa wanafundishwa kulitafuta neno la mdogo kabla hajalitoa. Nakuomba uzingatie hilo la pili. Walioandika mafunzo hayo hawakuuacha mzigo wote begani mwa mdogo.

#4

Na mimi niseme kutoka upande wa pili. Ninasimamia watu kumi na wanne. Kila kikao nauliza, "Kuna swali? Kuna maoni?" Kimya. Nawaambia mlango wangu uko wazi. Kimya. Baada ya wiki nasikia kwa mlango wa nyuma kwamba watu hawakupendezwa na uamuzi. Mimi si mkali, sijawahi kumwadhibu mtu kwa maoni yake. Inaniuma kwa kweli. Nifanye nini zaidi ya kuuliza?

#5 (mwanzisha uzi)

Kiongozi wa #4, nashukuru umesema. Humu wasimamizi huwa wanasoma kimya na kuondoka.

"Kuna swali?" ni swali linaloomba kimya. Linakuja mwishoni, watu wameshakusanya vitu vyao, na kulijibu ni kujitenga na kundi mbele ya macho ya wote. Tena linaomba mtu ajitolee kuwa wa kwanza, na wa kwanza ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote. Mlango ulio wazi nao, samahani, unamtaka mdogo atembee peke yake hadi kwako akiwa ameshika habari mbaya. Safari hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana ukiwa umekaa upande wa ndani.

Rais Kennedy wa Marekani aliyapitia haya. Aprili 1961 serikali yake iliunga mkono uvamizi wa Cuba kupitia Ghuba ya Nguruwe, uliofanywa na wakimbizi wa Cuba wapatao 1,400. Ukashindwa kwa aibu ndani ya siku chache. Mshauri wake mmoja, Arthur Schlesinger, hakuukubali mpango ule. Alimwandikia rais barua ya kuupinga. Lakini ndani ya chumba cha mkutano aliishia kuuliza maswali machache ya kinyonge, na baadaye alijilaumu kwa kimya hicho. Mtu aliyeweza kumwandikia rais hakuweza kusema mbele ya wenzake. Zingatia hilo: si rais aliyemfunga mdomo, ni chumba. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Irving Janis alilifanya tukio hilo mfano wake mkuu alipoeleza jinsi kundi linalopendana na kushikamana linavyoweza kuthamini umoja wake kuliko ukweli.

Oktoba 1962, mgogoro wa makombora ya Cuba, kundi lilikuwa na watu wengi walewale. Safari hii Kennedy alibadili utaratibu. Baadhi ya vikao hakuhudhuria makusudi, ili watu wasiangalie uso wake kabla ya kusema. Wakagawanyika vikundi, kila kimoja kikaandika pendekezo, kisha wakakosoana. Watu walewale, meza ileile, matokeo tofauti.

Kwa hiyo kwako wewe ningesema hivi. Kabla hujatoa maoni yako, mpe kila mtu dakika tano aandike yake kwenye karatasi. Kisha zisomwe, wewe ukiwa wa mwisho. Karatasi ina nguvu moja: mtu anaandika kabla hajaona uso wa mwenzake, na kilichokwisha kuandikwa ni vigumu kukigeuza "labda mimi ndiye mzito." Badili na swali pia. Mtafiti Gary Klein alieleza mwaka 2007 mbinu ninayoipenda sana: waambie watu wafikirie mwaka umepita na mpango umeshashindwa kabisa, kisha kila mmoja aandike sababu iliyouangusha. Hapo kusema kasoro si upinzani tena. Ndiyo kazi aliyopewa.

Nina tahadhari moja. Wapo viongozi wanaomteua mtu mmoja awe mpinzani rasmi wa kikao. Naona haitoshi. Charlan Nemeth, aliyechunguza mambo haya kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mpinzani wa kuteuliwa haamshi fikra za kundi kama mtu anayekiamini kweli anachokisema. Watu wanamtambua anayeigiza.

Kubwa kuliko yote ni dakika ya kwanza baada ya mtu kukuletea habari mbaya. Hapo wengine kumi na watatu hawasikilizi habari, wanatazama uso wako. Ukikunja uso mara moja tu, hata kama hukumwadhibu, umewajibu wote.

#6

Naomba nipinge kidogo, na napinga kwa uchungu. Uzi unaelekea kana kwamba shida ni watu kutosema. Wapo waliosema. Chombo cha anga cha Challenger, Januari 28, 1986, kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa. Mhandisi Roger Boisjoly wa kampuni iliyotengeneza roketi zake alikuwa ameshaandika waraka wa onyo Julai 1985, miezi sita kabla, kuhusu mipira ya kuzibia viungo vya roketi. Usiku wa kuamkia kuruka, yeye na wenzake walipinga kwa sauti kwamba baridi ingeiharibu kazi ya mipira ile. Wakubwa wakaomba dakika chache wajadiliane wenyewe, mhandisi mmoja aliyekuwa na cheo akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja, kisha wakapiga kura mameneja watupu. Na Boisjoly alipotoa ushahidi baadaye, wenzake kazini wakamtenga.

Kwa hiyo mwanzisha uzi, unawafundisha watu kusema. Kwa nani?

#7 (mwanzisha uzi)

Swali lako limenikalisha chini jana usiku kucha, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Uko sahihi. Kusema ni nusu ya jambo. Na hilo la kutengwa na wenzake ndilo linalonitesa zaidi, kwa sababu si wakubwa waliofanya hivyo peke yao. Ni watu wa ngazi yake.

Tunapenda kudhani adhabu hutoka juu. Kati ya mwaka 1931 na 1932, katika kiwanda cha Western Electric cha Hawthorne karibu na Chicago, watafiti waliwatazama wanaume 14 waliokuwa wakifunga nyaya za mitambo ya simu. Malipo yalipangwa hivi kwamba kundi likizalisha zaidi, kila mmoja anapata zaidi. Pamoja na hayo walikuwa wamejiwekea kiwango chao cha kazi ya siku, na hakuna meneja aliyekiweka. Aliyefanya haraka mno alipewa jina la kejeli. Aliyezembea mno naye alikuwa na jina lake. Aliyepeleka maneno kwa wakubwa ndiye aliyedharauliwa kuliko wote. Na aliyevuka mpaka alipigwa ngumi ya begani, ngumi ya kirafiki hivi, ila inauma.

Ngumi ya begani ya siku hizi ni neno. "Mnoko." "Kimbelembele." "Anajipendekeza." "Anajifanya anajua." Mtu akiuliza swali gumu kikaoni na kikao kikaongezeka nusu saa, ni nani anayemnunia? Bosi? Mara nyingi ni sisi tuliotaka kutoka mapema. Nimewahi kupumua kwa sauti mwenzangu alipoinua mkono mara ya tatu. Sikuona kwamba ni adhabu, lakini mara ya nne hakuinua.

Pia tuna tabia ya kumhukumu aliyenyamaza kwa roho yake na kujihukumu wenyewe kwa mazingira yetu. Mimi nikinyamaza ni kwa sababu kikao kilikuwa kigumu. Yeye akinyamaza ni mnafiki. Mwanasaikolojia Lee Ross alilipa kosa hili jina mwaka 1977, akiliita kosa la msingi katika kueleza tabia za wengine, na ukishalijua unaliona kila kona ya ofisi.

Kwa hiyo jibu langu kwa #6, kadiri ninavyoweza: kabla ya kumfundisha mtu kusema, tuwafundishe watano waliokaa karibu naye wasimwache peke yake. Amy Edmondson aliwahi kuchunguza vikundi vya wahudumu wa hospitali akitarajia kwamba vikundi bora vitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamjia kinyume: vikundi vilivyofanya kazi pamoja vizuri vilionekana na makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona maelezo yanayoingia akilini, kwamba huko kosa lilitajwa, kwingine lilifichwa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1996, na mwaka 1999 akaandika kuhusu kile alichokiita usalama wa kisaikolojia wa kikundi, yaani watu kuweza kusema bila kuogopa kuaibishwa au kuadhibiwa. Alisema wa kikundi, si wa mtu mmoja jasiri.

#8

Wakubwa na wadogo zangu, shikamooni na hamjambo. Nimesoma mwanzo hadi mwisho. Nina jambo langu. Jumatatu tuna kikao cha kupitisha mfumo mpya wa kuhifadhi taarifa za wateja. Nimeujaribu mwenyewe wiki nzima, unapoteza kumbukumbu watu wawili wakiingiza kwa wakati mmoja. Mimi ndiye mgeni kuliko wote idarani, na mwanamke peke yangu. Kila mtu anausifu huo mfumo. Nimeshaanza kujiuliza kama ninaubonyeza vibaya. Kaka mwanzisha uzi, nisaidie.

#9 (mwanzisha uzi)

Dada, marahaba. Nimekusoma mara mbili.

Kwanza hilo la "ninaubonyeza vibaya." Ndilo lilelile la moshi. Rudia jaribio mara tatu, piga picha za skrini, andika saa. Usiingie Jumatatu na hisia, ingia na karatasi. Ushahidi utakulinda wewe mwenyewe dhidi ya nyuso za chumba, kabla hata haujawaonyesha wengine.

Pili, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Solomon Asch, miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mstari mmoja na kuwataka wataje upi kati ya mitatu unalingana nao. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini mshiriki mmoja halisi aliketi katikati ya watu waliopangwa kutoa jibu moja la uongo. Takriban robo tatu ya washiriki walifuata kundi angalau mara moja. Watu huishia hapo wanapokisimulia kisa hiki, wakasema binadamu ni kondoo. Mimi nakusihi usome yaliyofuata. Asch alipomwekea mshiriki mwenzi mmoja tu aliyesema ukweli, kosa la kufuata kundi lilishuka kutoka kama theluthi moja ya majibu hadi kama asilimia 5 hivi. Mtu mmoja. Hata mwenzi huyo alipotoa jibu baya kuliko la kundi, bado kufuata kundi kulipungua sana, kwa sababu ule ukuta wa sauti moja ulikuwa umepasuka.

Stanley Milgram naye aliona kitu cha jamii hiyo. Katika jaribio lake maarufu, watu 26 kati ya 40 walimtii mtafiti mpaka swichi ya mwisho ya volti 450, wakiamini wanamtesa mtu kwa umeme. Alipowaweka wengine pamoja na wenzi wawili waliogoma mbele yao, waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40.

Kwa hiyo kazi yako ya kabla ya Jumatatu si kujitia ujasiri. Ni kumtafuta mmoja. Chagua mtu anayeutumia huo mfumo kwa mikono, si anayeusifu kwa mdomo. Mwendee peke yake, kabla ya kikao. Usimuulize maoni, maana maoni yake yatatazama upepo. Mwambie, "Naomba tuingize wote kumbukumbu kwa pamoja dakika hii." Aone mwenyewe. Kisha mwombe kitu kidogo tu: utakaposema kikaoni, naye aseme "na mimi nimeiona." Maneno matatu.

Ukisema, usikifunge kwenye shuka. Usianze na "samahani labda ni mimi." Sema: tarehe fulani, saa fulani, tuliingiza kumbukumbu kumi, zikabaki saba. Halafu nyamaza. Kimya kitakachofuata kitakuwa kirefu na kitakuuma. Usikijaze kwa kujirudi. Hicho ni kimya cha watu wanaotazamana upya.

Na kama kuna mtu aliyekuonyesha hatari ya kweli kwa kazi yako, kama ndugu wa #2 alivyoeleza, basi peleka kwa maandishi kwa msimamizi wako kabla ya kikao na utunze nakala. Sitakulaumu kwa hilo, na nitamjibu yeyote humu atakayekulaumu.

#10

Mimi wa #2. Dada wa #8, sina la kuongeza kwenye nadharia. Nakuambia tu picha za skrini uzihifadhi nje ya kompyuta ya ofisi. Na msimamizi wa #4, kama una nafasi za kazi kwenye idara yako, tangaza humu.

#11

Ni mimi wa #8, nimerudi kuwaambia ilivyokuwa.

Mwenzi niliyemchagua alijaribu nami Ijumaa, akaona, akasema ataniunga mkono. Jumatatu hakuja kazini, mtoto wake aliugua. Nikabaki peke yangu na karatasi. Nilifikiria kuacha. Mwenyekiti alipofika kwenye mfumo nikasema kwamba nina karatasi ya kuonyesha, nikazigawa kabla hajaniuliza ni ya nini. Nikasoma: kumbukumbu kumi, zimebaki saba, mara tatu mfululizo. Sauti ilitetemeka, mlisema kweli kuhusu kile kimya. Msimamizi akauliza nani mwingine amewahi kuona hivyo. Hakuna aliyejibu. Akasema litaangaliwa, tukaenda ajenda inayofuata. Nikajua nimeshindwa.

Saa nane mchana nikapata ujumbe kutoka kwa mzee wa hesabu, yule aliyekuwa anausifu mfumo kuliko wote. Ameandika kwamba tangu mwezi uliopita hesabu zake hazikuwa zinafunga, akadhani ni macho yake yameanza kuzeeka, akawa anazirekebisha kwa mkono nyumbani usiku. Ameomba nimpelekee ile karatasi. Kesho saa tatu tunakwenda kwa msimamizi wawili.